Herufi Kubwa Kwenye Simu ya Mama

Nyumba moja ya wageni ya mjini Masoko ilinipa kazi ya kuitengenezea tovuti, ili wageni waone vyumba na waweke nafasi za kuvuka kwa boti kwenda kwenye magofu ya Kisiwani. Nikatoka Dar, nikafikia kwa mama, Kivinje, mji wa jirani, na kufanyia kazi uani kwake.

Kabla ya kukabidhi, huwa naijaribu tovuti kwanza kwenye kompyuta. Ipo programu inayokuwekea umbo la simu kwenye kioo. Unachagua nyembamba au pana, ya zamani au mpya, unaona ukurasa unavyokaa. Zote zilikubali. Ila simu za kuchora siziamini sana, hazijui kioo kilichopasuka wala bando linalokata katikati. Kwa hiyo huazima simu za watu. Jirani yetu muuza pweza alinipa yake, ikafungua vizuri. Kisha nikamwomba mama.

"Chukua, iko chini ya mto," alisema.

Ukurasa ulivurugika. Jina la nyumba lilijaa kioo kizima, bei zikapandana, kitufe cha kuweka nafasi hakikuonekana kabisa. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nikakuta ukubwa wa maandishi umesukumwa mpaka mwisho.

"Mama, nani kakuwekea maandishi makubwa hivi?"

"Niliweka mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Toka Ramadhani. Si hii iliyopita, ile nyingine."

Alikuwa anachambua mchele. Nikamtazama: macho yake hayakuwa kwenye ungo. Mawe alikuwa anayatafuta kwa ncha za vidole.

Kila asubuhi nilikuwa nikimwona na msahafu mapajani, midomo ikicheza. Nikamuuliza anasomaje.

"Nimehifadhi, mwanangu. Ukurasa naufungua kwa heshima tu."

"Mbona hukuniambia?"

Alipepeta kidogo kabla ya kujibu. "Ungekuja kukaa hapa kunilinda. Na mimi bado napika, bado nakwenda sokoni."

Hasira ilinipanda, kisha ikageuka kitu kingine nisichoweza kukisema mbele yake. Nikarudi kwenye kompyuta, nikakaa bila kugusa chochote.

Wiki hiyohiyo tulikwenda hospitali Lindi. Daktari, dada kijana, alimpa shikamoo kabla ya kuwasha tochi yake. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, alisema, linasafishika. La kushoto limeharibiwa na presha ya macho, na kilichopotea hakirudi.

Mama akauliza, "Hili moja litanitosha kusoma?"

"Kwa miwani, inshallah."

Alifanyiwa upasuaji. Bandeji ilipotolewa alinitazama kwa muda mrefu, akasema nimeanza kuota mvi.

Tovuti niliipanga upya, nikaijaribu kwa maandishi makubwa kuliko yote mpaka kitufe kikatulia mahali pake. Mwenye nyumba ya wageni alilalamika kazi imechelewa. "Nani anatumia maandishi kama hayo?" aliuliza. Nikamwambia wapo wengi, huwa hawasemi.

Nimerudi Dar. Jicho lililobaki linataka dawa ya matone kila jioni, presha isije ikaliharibu nalo, kwa hiyo kila jioni napiga simu.

"Nimeshatia," mama hunijibu kabla sijauliza.

Siku nyingine naamini. Siku nyingine nampigia jirani wa pweza, akachungulie.