Nambari Iliyomnyima Babu Mbegu

Juzi hapa Ilula mjukuu wangu alikuwa anachezea simu pembeni ya ndoo zangu za nyanya. Nikamwambia, hebu andika mia nne sabini na mbili, halafu uirudie hapohapo mbele yake. Ikawa 472472. Gawa kwa saba. Inayotoka gawa kwa kumi na moja, kisha kwa kumi na tatu. Akabonyeza, akaruka. "Bibi, imerudi mia nne sabini na mbili! Nani kakufundisha?"

Nikajifanya napanga nyanya.

Shule niliishia la tatu, sikufichi. Ila miaka ile ya sabini, kule juu Kilolo, mwalimu alikaa nyumbani kwetu. Jioni tukipukuchua maharage, moshi wa kuni na ukungu vinagombea mlango (baridi ya kule, ndugu yangu, we acha tu), yeye huchora hesabu kwa mkaa sakafuni. Siku moja akaandika hiyohiyo 472472. Tarakimu zozote tatu, alisema, ukizirudia, kwa saba haibaki kitu, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu vilevile.

Bibi yangu akaacha kupukuchua. Kwetu mbegu za maharage kila mtu alikuwa na fungu lake. Bibi akizidondosha mojamoja kwa zamu, zile za mwisho zisizotosha kuzunguka wote ni za marehemu babu, mumewe. Bibi alizifukia kaburini kwake, nyuma ya nyumba.

"Haibaki hata moja?"

"Hata moja, mama."

"Basi hesabu yako ina choyo, mwalimu. Mzee wangu apande nini?"

Tulicheka sana. Mwalimu hakucheka. Akaongeza moja, ikawa 472473. Akaigawa kwa saba, ikabaki moja. Kwa kumi na moja, moja. Kwa kumi na tatu, moja. "Hii ya mzee."

"Hapo sawa," bibi akasema.

Baadaye tukaambiwa tuhamie kijiji kipya, chini barabarani. Lori likaja, vyungu na kuku vikapakiwa. Bibi akagawa mbegu mara ya mwisho, mafungu saba, la mwalimu likiwemo. Zikaenea zote. Haikubaki hata moja.

Akaketi chini. "Siendi. Nitamuagaje mikono mitupu? Atajua tumemsahau."

Baba akambembeleza, dereva akapiga honi, wapi. Ndipo mwalimu akatoa mbegu moja kwenye fungu lake, akamwekea kiganjani. "Ya mzee, mama."

Bibi akaenda nyuma ya nyumba, akakawia. Akarudi ana udongo kwenye kucha, akapanda lori bila kugeuka.

Siku hizi kule juu wamepanda miti ya mbao mlima mzima. Nilikwenda, nikazunguka, nisijue babu yuko chini ya mti upi. Bibi tulimzika huku chini, mbali naye. Mwalimu walisema alihamia Mbeya, sikumwona tena.

"Bibi, nifute?" mjukuu akaniuliza.

"Iandike tena ile ndefu," nikamwambia. "Halafu uongeze moja."