Mzee Wales na Sheria ya Mtoto wa Nje

Eliakim alikuwa na ugomvi na mfalme aliyekufa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, na hakuwa na mpango wa kumsamehe. Wenzake wa chama cha Waswahili pale Farsta, Stockholm, walimwita Mzee Wales. Ukikaa naye, kabla chai haijapoa alikuwa ameshakueleza jinsi Waingereza walivyoiteka Wales, nchi ile ndogo, na macho yameshamwiva.

Chanzo chake kilikuwa Machame, Kilimanjaro. Eliakim alizaliwa nje ya ndoa. Baba yake, seremala, alimshika mkono siku ya Krismasi na kuuambia ukoo mzima, "Huyu ni damu yangu." Lakini alipofariki, baba wadogo walifungua kitabu cha ndoa cha usharika, na jina la mama yake halikuwamo. Kihamba, lile shamba la ukoo, kikaenda kwa wengine. Akiwa na miaka kumi na tisa, Eliakim alitoka kwenye ile migomba akiwa hana hata mahali pa kuzikwa.

Alikuja Stockholm kusomea ufundi wa mitambo. Siku moja, kwenye maktaba alikoingia kukimbia baridi, alikutana na sheria za Wales ya kale. Kule, mtoto wa nje aliyekubaliwa na baba yake alirithi sawa na ndugu zake. Mama alimpeleka kanisani na kuapa baba yake ni nani. Baba akikubali, yamekwisha. Akikataa, naye aape. Kisha Edward wa Kwanza akaiteka nchi, na mwaka 1284 akaandika kwamba mtoto wa nje asirithi. Eliakim alilia palepale mezani. Akaacha mitambo, akasoma historia, na mwisho akawa mwalimu wa sekondari Sundbyberg.

Jumapili moja ya Machi mwaka huu alitoa mhadhara chamani. Mkewe, Josephine, alikaa mbele pamoja na kwaya. Eliakim alipofika kwenye kile kiapo cha kanisani sauti ilimtetemeka, na watu wakampigia makofi.

Kijana mmoja akanyoosha mkono kutoka nyuma. Eliakim alimjua kabla hajasema neno, maana lile paji la uso alikuwa akiliona kila asubuhi kwenye kioo akinyoa ndevu. Miaka ishirini na mitano iliyopita, akiwa na ndoa ya miaka miwili tu, alimpa mimba Getrude, mwanamke wa mtaa wa Skärholmen, na hakujibu hata barua yake moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Naitwa Liam. Mama yangu ni Getrude." Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kiswidi, ila kilieleweka vizuri. "Sikuja kudai urithi. Sheria ya hapa inanipa, na siutaki. Nataka useme tu kwamba mimi ni mwanao, mbele ya watu, kama ulivyotueleza sasa hivi."

Josephine aligeuka kumtazama kijana, kisha akamtazama mumewe. Eliakim aliona aibu kali, na chini ya aibu ilikuwapo hofu. Maneno aliyajua. Aliyafundisha miaka thelathini, na kila alipoyafundisha alimlaani mtu aliyeyafuta.

"Kijana, umenifananisha," alisema. "Huyo mama simfahamu."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtu mmoja alikohoa. Eliakim aliinamia karatasi zake, na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akasoma mstari uliofuata: mtoto wa nje asirithi. Safari hii sauti haikumtetemeka.

Liam alivaa koti lake taratibu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Yule mfalme alikuwa mgeni kule, mwalimu," alisema. "Aliwanyima watoto wa watu, si wake."