Fundi Asiyekata Waya

Huyu fundi umeme wa magari hakati waya uliokuja na gari kutoka kiwandani hata umpigie magoti. Redio, kamera, taa, kila kitu cha kuongeza hukipa umeme kutoka kwenye sanduku la fyuzi, na fyuzi yake peke yake, kwa vidole vilivyokunjamana kwa makovu ya moto. Akimaliza hunusa chini ya dashibodi, kisha hukaa kiti cha nyuma na kufungua milango kwa ndani, mmoja mmoja, mara tatu. Wateja humcheka chinichini. Leo mmoja mwenye haraka zake alimwambia, "Kaka, si ukate huo hapo, uunganishe, niende zangu?" Fundi hakuinua uso. "Niliwahi kukata mmoja, kwenye gari la dada yangu," akasema. "Watoto walikuwa wamekaa nyuma."