Mwalimu Nyuma ya Ubao

Juzi alasiri nilipitia ukumbi wa mtaa, hapa Baba Dogo, kumchukua shangazi yangu katika darasa la ngumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma. Shangazi anauza akala, viatu vya matairi, katika soko la Kariokor, na sokoni hakuna anayemshinda kwa maneno. Darasani, hata hivyo, hakuwa amewahi kumjibu mwalimu, kijana wa rika la mwanawe.

Siku hiyo redio ilikuwa mezani ikifundisha. "Neno 'kiatu' linaanza na silabi gani?" ikauliza.

"Ki!" Shangazi akajibu kwa nguvu, mbele ya wote.

Mara betri zikaisha. Akina mama wakaanza kujifunga leso waende zao.

"Ngojeni kidogo, mama zangu," mwalimu akasema. Akaingia nyuma ya ubao, akabana pua. "Hamjambo, wasikilizaji? Neno 'soko' linaanza na silabi gani?"

Walicheka mpaka wakafuta machozi, kisha Shangazi akapaza sauti, "So!" Hakukosa swali hata moja.

Mwalimu alipotokeza, jasho likimtiririka, akamwuliza, "Mama, mbona mimi hunijibu?"

Shangazi akatazama chini. "Mwanangu, redio hainikodolei macho nikikosea."

Kijana akageuza kiti chake, akaketi akiutazama ukuta. "Haya, mama. Tuendelee."

Wakaendelea mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi.

Madarasa yapewe redio, wasomaji wangu, na betri zisipungue. Lakini mimi bado sijaona redio inayojua kugeuza kiti.