Kabati Si Friji

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanda cha kusaga mahindi pale Bungoma, msimamizi wa umeme hakunionyesha mtambo wowote. Alinipeleka kantini, akaagiza soda baridi, akaiweka mezani bila kuifungua na kuniambia niitazame. Nikaitazama. Muda si muda chupa ikaanza kutoa jasho, matone yakateremka hadi mezani.

"Hayo maji yametoka wapi?" akaniuliza.

"Kwa chupa," nikasema.

"Chupa imefunikwa, Nanjala. Imevuja wapi?"

Nikaigeuza chupa, sikuona ufa. Akanieleza kwamba hewa hubeba maji tusiyoyaona, na ikigusa kitu chenye baridi ya kutosha inashindwa kuyabeba, inayaacha hapo hapo. Ile baridi ambayo hewa ikiifikia inaanza kuachilia maji, mafundi tunaiita kiwango cha umande. "Ukisahau yote nitakayokufunza, hili usisahau," akasema. Kisha akanywa soda yake peke yake, mimi nikapewa brashi nikatoe vumbi la unga kwenye makabati ya umeme.

Sijasahau. Shida ni kwamba tangu siku hiyo nimefanya kazi na watu wasioweza kulikumbuka hata kwa jioni moja.

Makabati ya Bungoma yalikuwa ya kawaida, masanduku ya chuma yenye swichi na waya, na feni ndogo ya kuvuta hewa. Nilipohamishiwa Kitale, kwenye kituo cha kukausha mahindi, nikakuta mambo mengine kabisa. Kituo kile kinapokea mahindi mabichi kutoka kwa wakulima ambao mvua imewanyima nafasi ya kuanika. Makapi yanaruka kila mahali, na ukiweka feni itakujazia kabati makapi kabla ya chakula cha mchana. Kwa hivyo makabati yalifungwa kabisa, raba ikazungushwa mlangoni, na joto likawa linatolewa na maji. Mashine iliyo nje inapoza maji, pampu inayasukuma kwa paipu hadi kwenye rejeta ndani ya kabati, kama ile ya gari, na maji yanarudi nje yamebeba joto. Mle ndani kuna vifaa vinavyoongoza mota za draya, zile mashine za kukaushia mahindi. Vikizima, draya zote zinasimama.

Mhandisi aliyefunga makabati yale alituachia masharti, nami nawaambia nyinyi vijana mnaoanza ufundi kwa sababu najua hakuna mwingine atawaambia. Maji ya kupoza yasiwe baridi kupita kiwango cha umande. Kitale wakati wa mvua tuliyaacha kwenye digrii ishirini, hata kama ukishika paipu utaona haina baridi ya maana. Si lazima iwe nayo. Paipu zivishwe sponji nyeusi, bila kuacha pengo hata kwenye kona, kwa maana hapo palipo wazi ndipo patakapolia. Tundu za waya zizibwe. Na mlango ukifunguliwa, ufungwe mara moja, kwa sababu kila ukifunguliwa hewa yenye maji inaingia.

Mlango! Jamani, mlango ndio ulionizeesha.

Kwa Meneja wetu, kabati linalopozwa na maji lilikuwa friji yenye waya. Alianza na chupa moja ya maziwa. Nikamwomba aitoe, akacheka. "Fundi, si hii baridi iko hapo bure?" Wiki iliyofuata nikakuta kreti ya soda imesimamishwa kando ya rejeta. Nikaandika kwa mlango, kwa rangi nyekundu, USIFUNGUE. Wakafungua. Nikaweka kufuli, Meneja akaitisha ufunguo, ati yeye ndiye mkubwa wa kituo.

Kilichonikera kuliko yote ni kwamba watu wale walijua unyevu. Mpokeaji mahindi alisimama langoni na koti la mvua, akatia punje moja mdomoni, akaiuma, akatikisa kichwa. "Haya yamelowa sana, mama. Yatangoja foleni ya draya." Hakukosea kamwe. Na mtu huyo huyo, koti likichuruzika, alitoka langoni, akaingia kwa chumba changu cha mitambo, akafungua kabati kuchukua soda. Nikimwambia analeta maji ndani, ananiuliza, "Maji gani, na nimeshika soda?"

Basi ukafika msimu mmoja mvua ikakataa kwisha. Trela zilijipanga barabarani, mahindi yakamwagwa kwenye maturubai uani, yakafunikwa. Kati ya waliongoja alikuwa Mama Sitawa, mjane kutoka Ndalu. Yeye hakutaka kuuza. Yalikuwa mahindi ya nyumba yake, chakula cha mwaka mzima, na alitaka yakaushwe tu arudi nayo. Alikalia gunia pembeni ya lundo lake na mwavuli, na kila nikipita ananiuliza, "Fundi, tutafikiwa?" Nami namjibu, "Kesho, mama. Kesho asubuhi ni wewe."

Asubuhi hiyo wakubwa kutoka makao makuu walikuwa wanakuja. Meneja akataka soda zao ziwe baridi kweli kweli. Jioni iliyotangulia, mimi nikiwa nimeshaenda nyumbani Tuwan, akashusha maji hadi digrii nane, akajaza kreti mbili, na kwa kuwa kreti ya pili haikutoshea vizuri, mlango akauacha wazi kidogo.

Nilipofika, paipu zilikuwa zinatiririka. Maji yalikuwa kwa fyuzi, kwa nati, kila mahali. Draya zilikuwa zimesimama kimya. Wafula, fundi mwenzangu, alikuwa ameshika kitambaa amesimama tu, hajui aanzie wapi.

Meneja akaja mbio. "Washa!"

"Nikiwasha sasa italipuka."

"Wageni wako njiani, bana! Washa tu, itajikausha yenyewe."

"Bwana Meneja, wewe unaona kama hii ni suruali?"

Kabati likishalowa, huwezi kuliharakisha. Unakata umeme, unasimamisha maji ya kupoza, unangoja paipu zipate joto la chumba, la sivyo unapanguza hapa, na pale panalowa upya. Kisha unapuliza hewa yenye joto, pole pole, na kupima kila kifaa kabla ya kurudisha umeme. Hiyo ni kazi ya siku nzima na zaidi. Tulikuwa katikati yake wageni walipofika, wameloa, wanatetemeka. Mpishi akawauliza kama kawaida, "Soda baridi ama moto?"

Wote wakasema moto. Mmoja akauliza kama kuna chai.

Nilitoka nje nisije nikatukana mtu. Mama Sitawa alikuwa amepiga magoti, ameingiza mkono kwenye lundo hadi kiwiko. Akaniita. "Fundi, weka mkono hapa." Nikaingiza. Ndani mlikuwa na joto, kama mkate uliotoka jikoni. Mkulima yeyote anajua maana yake. Mahindi yakishapata joto hivyo, kuvu imeanza kazi.

"Kimeharibika nini huko ndani?" akaniuliza.

Ningeweza kumpa maneno marefu ya kifundi, lakini sikuona sababu. "Ni soda, mama. Waliweka soda mahali pasipostahili."

"Soda ya nani?"

"Ya wageni."

Akatoa mkono, akaukung'uta makapi. "Kumbe ni soda," akasema. Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Draya zilipowaka kesho yake alasiri, sehemu kubwa ya lundo lake ilikuwa imegeuka kijani, na mahindi ya namna hiyo huwezi kupikia mtoto wala kumpa kuku. Yalichimbiwa shimo nyuma ya kituo. Nilisimama pale nikiyaangalia yakifukiwa, na hasira niliyokuwa nayo ninayo hadi leo.

Tangu hapo nikawa naomba kitu kimoja tu. Nunueni friji. Sikuomba mtambo mpya wala nyongeza ya mshahara. Friji ndogo ya chumba cha chai, ili watu waache kabati langu. Kila mwaka nikaomba. "Haiko kwa bajeti, fundi." Na kila nikifungua kabati kukagua, nakuta chupa ya mtu.

Kisha nikastaafu. Wakafanya sherehe, wakaomba sala, Meneja akahutubia akisema mimi ni mama wa kituo. Halafu wakaleta zawadi yangu kwa mkokoteni, imefungwa utepe. Ilikuwa friji.

Wakapiga makofi. Nilicheka hadi wakafikiri nimefurahi, kisha nikagundua ninalia. Dereva alikuwa ameshaipakia kwa pikapu anipeleke Tuwan. Nikamwambia arudi nyuma hadi mlango wa chumba cha chai, aishushe. Nikaichomeka mwenyewe, nikaenda kwa chumba cha mitambo na nguo yangu ya Jumapili, nikatoa chupa zote kwenye kabati, nikazipanga ndani ya friji.

"Lakini Mama, hiyo ni yako," Meneja akasema.

"Ndiyo. Na ninaiacha hapa."

Mume wangu alikuwa ameshahamisha kochi kutengeneza nafasi, na majirani ameshawaambia. Mpaka leo nafasi hiyo tumeweka stuli, naye kila akipita anaitazama na kuguna.

Nilidhani yameisha. Wiki hii mvua imerudi, mavuno yako uani, na Mama Sitawa ameleta mahindi yake tena, Wafula ameniambia kwa simu.

"Friji inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Inafanya vizuri sana, mama. Lakini Meneja ameifunga na kufuli. Ati watu wanamaliza soda za wageni. Ufunguo anao yeye."

"Na soda zenu nyinyi?"

Akashusha sauti. "Ziko kwa kabati."

"Wafula, kata hiyo kufuli."

"Mama, nitafutwa kazi!"

Basi nyinyi mnaoniuliza kustaafu kuna faida gani, hii ndiyo niliyoiona. Nilimwambia afunge mlango wa kabati na aningoje. Mimi siwezi kufutwa tena, na msumeno wa kukatia chuma ninao.