Majani ya Kukhu Ndani ya Raba Zangu

Nilikata majani yote ya tangawizi mwitu ya mama nikayatandika ndani ya raba zangu za shule. Sitaficha. Miguu yangu inanuka, darasa zima linajua, na majani yale ukiyafikicha yananukia kama chai ya Krismasi.

Mmea wenyewe aliuleta kukhu, mama yake mama, alipokuja Nairobi kutafuta matibabu. Aliuchimba kando ya msitu kule kwao Kakamega, akasafiri nao kwenye basi akiupakata kama mtoto mchanga. Tuliupanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ukakaa mlangoni petu hapa mtaani Ziwani. Kila asubuhi kukhu aliyapangusa majani kwa kitambaa kibichi, moja moja, maana vumbi la barabara yetu halibishi hodi. Ni majani yasiyopukutika. Jua liwake, mvua inyeshe, yapo tu, kijani.

Halafu kukhu akatuacha. Tulipotoka kumzika, mama hakuyapangusa tena. Alimwagilia mzizi, basi. Vumbi likaganda hadi yakafanana na ukuta, nami nikadhani ameyachoka.

Kwa hiyo nikayakata, nikayaosha vizuri bombani, nikaingia nayo darasani.

"Wee buda," jirani yangu wa dawati akaninong'oneza, "leo umepika chai ndani ya kiatu?"

"Lete mkate," nikamjibu, na kicheko kikamfanya mwalimu atutoe sote wawili nje ya mlango. Nilirudi nyumbani nikijiona mfalme.

Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya mkebe, anatazama mashina matupu. Hakuuliza ni nani. Katika nyumba yetu swali hilo lina jibu moja. Alinivua kiatu kimoja kwa mkono wake, akatoa jani lililopondeka, akalinusa, soksi na yote. Nilingoja kofi. Kofi ningelielewa.

"Mama, mzizi si uko? Yatamea mengine," nikasema. "Na niliyaosha kwanza. Yalikuwa na vumbi."

"Uliyaosha?"

"Yote."

Alikaa chini kwenye saruji, jani likiwa kiganjani.

"Mengine yatamea, najua," akasema. "Lakini haya ndiyo aliyoyashika mama yangu. Ndiyo maana sikuyapangusa. Vua na hicho kingine, ukanawe miguu, uje ule."