Murugi Alisikia Tangazo

Mama mkwe wangu, Murugi, alisikia redioni tangazo la kifo cha kaka yake, akawaonea huruma watu wa nyumba ile, kisha akaendelea kumenya viazi.

Nilikuwepo. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, msimu wa mvua ndefu, nami nilikuwa sijamaliza mwaka tangu Peterson anioe na kunileta Gakindu. Redio yetu ilikaa juu ya kabati jikoni, imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko wa betri ulivunjika. Kila jioni baada ya taarifa ya habari yalikuja matangazo ya vifo, na hapo Mama hakutaka mtu azungumze. Msomaji alikuwa Athumani Shekue. Sauti yake tuliijua kama ya jirani. Akasoma kwamba Jeremia Kingori Theuri, wa Gakindu, Mukurweini, amefariki dunia huko Voi, na jamaa zake wafike haraka kwa mipango ya mazishi.

“Maskini,” Mama akasema. “Watu wa nyumba hiyo wako wapi jioni hii?”

Ambaye hajakaa kwetu huenda asielewe jambo hilo liliwezekanaje. Majina yetu yaliandikwa na watu waliokuwa na herufi chache kuliko sauti tulizo nazo. Kwenye karatasi ni Gakindu, lakini sisi husema karibu na Gakendo. Kingori kwetu ni Keng'ori. Theuri, ile th yake ni ya dhahabu, si ya thelathini, na mwisho wake unainama kidogo, Dheori. Shekue alisoma kama mtu wa Pwani asomavyo, kila herufi na haki yake. Mama hakuwa amesoma. Hakuwahi kuliona jina la kaka yake limeandikwa mahali popote, alilijua kwa kulisikia tu. Na hilo Jeremia lilikuwa jina la ubatizo alilolipata hukohuko ugenini. Mimi nilikuwa mgeni katika ukoo, sikujua hata kama Mama aliwahi kuwa na kaka. Peterson alikuwa kiwandani anapokea kahawa.

Hakuwa akimtaja. Keng'ori aliondoka kijana kwenda kufanya kazi ya reli, kabla ya hali ya hatari ya siku za Mau Mau, na tangu hapo hakurudi wala hakutuma neno. Mama yao alikufa akimwita. Ndiyo maana Murugi alikuwa amemfunga kaka yake moyoni kama mtu afungavyo chumba ambacho hataki tena kukiingia.

Mvua zilipokwisha, akaja mgeni. Alikuwa Mtaita mrefu aliyevaa koti la reli, jina lake Mwakio. Alikuwa amekuja na treni ya mizigo iendayo Nanyuki, akashuka Karatina, akauliza njia hadi akatufikia. Mkononi alikuwa na sanduku dogo la bati.

“Natafuta nyumba ya Theuri,” alisema akiwa mlangoni. “Nimeambiwa binti yake ameolewa hapa.”

Nikamkaribisha, nikamwita Mama kutoka shambani. Mwakio alisimama alipomwona, akavua kofia.

“Mama, mimi nilifanya kazi na marehemu Kingori. Nimeleta vitu vyake. Hakuna vingi.”

Mama alinitazama mimi. “Anasema nani?”

“Keng'ori,” nikasema polepole, maana ndipo nami nilipoelewa. “Kaka yako.”

“Tulitangaza redioni,” Mwakio akaendelea. “Tukangoja. Hakuja mtu, na hospitali haikuweza kumweka zaidi. Tukamzika pale Voi, kanisa zima lilikuja. Yeye mwenyewe alikuwa akisema hana mtu, kwamba nyumba yao iliisha. Lakini mimi nikasema hata hivyo tutangaze.”

“Iliisha?” Mama akauliza. “Nani alimwambia iliisha?”

Mwakio hakujua. Alikunywa uji, akaomba radhi mara nyingi kana kwamba yeye ndiye aliyekosa, akaondoka kuwahi treni yake. Mama hakulifungua sanduku siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda akatazama redio.

“Nilimsikia,” alisema. “Nilisema maskini, kama vile ni mtu wa kupita.”

Siku zilizofuata hakula vizuri. Majirani walikuja wachache tu, tena kwa muda mfupi. Kilio cha mtu aliyekwisha zikwa mbali, ambaye nusu ya kijiji hawakumjua, ni kigumu kukilia. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote. Peterson akamwambia, “Mama, hata ungelitambua lile tangazo, tusingefika kwa wakati.” Lakini hakuwa anataka kufarijiwa. Asubuhi moja nikamkuta amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani.

“Wachuka, twende Nairobi. Nataka yule Adhumani amtangaze tena. Amtangaze kama alivyoitwa.”

Peterson alicheka, kisha akaona kwamba mama yake hachezi. Akatusindikiza hadi kwenye basi.

Pale stesheni ya redio askari wa mlangoni alitaka kutufukuza. Tulikaa kwenye ngazi tangu asubuhi. Mama hakuwa amewahi kuiona sura ya Shekue, kwa hiyo alisikiliza. Kila mwanamume aliyepita akizungumza, Mama aliinua kichwa, akatikisa, akakiinamisha tena. Mchana ukiwa umekwenda sana wakapita watu watatu wakizungumzia mpira, na Mama akasimama ghafla.

“Ni huyo mfupi.”

Nilidhani anakosea. Sauti nzito namna ile, na mwenyewe alikuwa mtu mdogo, mwembamba, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi vizuri. Lakini ndiye. Mama akamshika mkono wa shati.

“Wewe ndio Adhumani?”

“Athumani, mama. Ndiye mimi. Shikamoo.”

“Mimi natoka Gakendo. Wewe ulisoma ati brother yangu amekufa, na mimi nilikuwa nasikia na sikujua ni yeye. Sikuja kugombana. Nataka umuite tena, na umuite poa.”

Hilo neno poa alilitoa kwa wajukuu wa jirani, na pengine ndilo lililomfanya yule bwana atabasamu badala ya kuogopa. Akatuingiza ndani, akatukalisha kwenye benchi ndefu ukumbini, akaniomba nieleze. Nilieleza yote. Nilipofika pale Mama aliposema “maskini” na kuendelea kumenya viazi, Shekue alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

“Mimi ni mtu wa Vanga,” alisema. “Upande huu sijavuka Thika. Naletewa karatasi, nasoma nilichokiona. Kila jioni najiuliza kama kuna mtu hajasikia.” Akairudisha miwani usoni. “Sasa nimejua yupo.”

Mkubwa wake, tuliyeingizwa kwake kwa dakika chache, alisema kwamba tangazo la mazishi haliwezi kusomwa kwa mtu aliyekwisha zikwa. Shekue akamwambia, “Basi liwe la kumbukumbu, mzee. Hayo tunayasoma kila wiki.” Mkubwa akaikubali hoja hiyo bila ubishi, akarudi kwenye simu yake.

Tukarudi kwenye benchi kufanya kazi. Niliandika maneno, na Mama akayasema.

“Keng'ori.”

“Kengori,” Shekue akasema.

“Si ng'ombe unaijua? Weka ng'ombe ndani yake.”

“Keng'ori.”

“Eeeh! Gakendo.”

“Gakendo.”

“Hiyo mwisho si mdomo wazi hivyo. Funga kidogo. Wa Dheori.”

“Wa Dheori. Dhahabu, dhambi, Dheori.” Aliyasema akitembea huku na huku ukumbini kama mwanafunzi anayengojea mtihani. Makarani walichungulia kutoka milangoni mwao. “Na wewe mama, sema Athumani.”

“Adhumani.”

“Athu. Kama thelathini.”

“Dheradhini,” Mama akasema kwa bidii, na hapo Shekue akacheka hadi akajishika ukuta, na Mama naye akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Mwakio aje.

Tangazo lilipangwa kusomwa Jumapili. Peterson alipita akiwaambia watu baada ya ibada, na jioni ile jikoni kwetu hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Wengine walisimama nje dirishani chini ya michirizi ya paa. Taarifa ya habari ilionekana haitaisha. Kisha Shekue akaingia, polepole kuliko desturi yake, akasema kwamba anakumbukwa Jeremia Keng'ori wa Dheori, mzaliwa wa Gakendo, aliyefanya kazi ya reli na kuzikwa Voi, na kwamba anakumbukwa na dada yake, Murugi, na jamaa zake wote.

Keng'ori alilisema kama aliyezaliwa huku. Gakendo vilevile. Lakini jina la Mama hatukuwa tumelifanyia mazoezi, nililiongeza mwishoni karatasi ilipokuwa tayari mkononi mwake, na Shekue alilisoma jinsi lilivyoandikwa. Sisi husema karibu na Morogi. Mtu mmoja karibu na dirisha akaguna.

“Muacheni,” Mama akasema. “Mimi niko hai. Ataniita vile ataweza.”

Akaanza kulia, na safari hii wanawake wakalia naye. Hakuna aliyetazama saa. Waliimba, wakaomba, mtu akatuma chai na sukari kutoka dukani, na kesho yake wakaja wengine kutoka Gikondi ambao hatukuwajua, waliomkumbuka Keng'ori akiwa kijana mcheza ngoma mwenye meno yaliyoachana.

Wiki hiyohiyo akaja mzee kutoka Othaya anayeitwa Ndungu. Alikuja na fimbo, maana goti moja lilikuwa bovu, na milima ya kwetu haimhurumii mtu wa namna hiyo. Aliposimama uani hakusalimu. Alimtazama Mama muda mrefu.

“Wewe ndiwe Murugi?”

“Ndimi.”

“Tuliambiwa umekufa.”

Akaketi ndipo akaeleza. Yeye na Keng'ori walikuwa pamoja Voi, katika genge moja la wafanyakazi wa reli. Kule Pwani, alisema, waliitwa majina yao kama yalivyo kwenye vitambulisho, naye alishazoea kumsikia rafiki yake akiitwa Kingori. Kwa hiyo tangazo la kwanza alilisikia akiwa amekwisha kurudi kwao Othaya, na alilielewa mara moja.

“Nililia peke yangu,” alisema. “Sikujua kama kuna mtu Gakendo wa kumpa pole. Hili la pili likasema dada yake, Murugi. Sikulala vizuri hadi nilipoanza safari.”

“Kwa nini mlidhani nimekufa?”

“Tulirudi, Murugi. Mwaka ule hali ya hatari ilipoanza kulegea tuliomba ruhusa, tukapanda treni sote wawili hadi Karatina. Pale stesheni tulimkuta mtu wa kwenu, simjui jina. Keng'ori akamuuliza habari za nyumba ya Dheori. Yule mtu akasema nyumba ile ilichomwa, watu wake wameisha. Keng'ori aliketi juu ya reli. Nikamwambia twende hata hivyo tuone. Akasema atakwenda kuona nini? Treni ya kurudi ilipokuja akapanda.”

Nyumba ilichomwa kweli. Mama alikuwa kizuizini wakati huo, na mama yao alikuwa kwenye kijiji cha lazima, serikali ya kikoloni ilikowakusanya watu, ng'ambo ya mto, hai, umbali ambao mtu angeutembea kutoka Karatina kabla ya jua kutua. Nilidhani atamlaani yule mtu wa stesheni. Badala yake alisogeza kigoda karibu na cha mzee.

“Alifika Karatina,” alisema.

“Alifika.”

“Alikuwa amekonda?”

Ndungu akafikiri. “La. Alikuwa amenona kidogo. Alikuwa amenunua kofia mpya, ya kahawia, na blanketi la mama yenu. Alilibeba begani njia nzima, hakutaka kuliweka chini.”

“La rangi gani?”

“Jekundu, lenye mistari.”

Mama alitikisa kichwa taratibu, akauliza kama walikuwa wamekula siku hiyo, na walikula nini, na kama Keng'ori bado alikuwa akicheka kwa pua alivyofanya utotoni. Ndungu alijibu kila swali. Mimi niliweka sufuria ya maji motoni, kisha nikaenda kumtoa kuku bandani, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba mzee huyu hataondoka kwetu siku ile.